Masaa Manne ya Kwenye Simu

Shangazi yangu alikata tiketi za ndege kwa miaka mingi, katika ofisi yenye feni moja na ramani ya dunia iliyopauka upande wa dirisha. Watu walimwita Mama Safari, ingawa kizunguzungu kilimshika hata akipanda kiti kubadilisha balbu.

Jumatatu moja akaingia fundi cherehani wa mtaa wa pili, futi ya kupimia bado iko shingoni, simu mkononi.

"Mwanangu, nikatie ya kesho. Binti yangu anapasuliwa moyo Alhamisi. Ona, wameandika humu: kutoka uwanja wetu mpaka kisiwa chake ni masaa manne tu. Nikiondoka asubuhi, mchana niko naye."

Shangazi akasoma, akamvutia kiti. "Baba, hayo ni masaa ya ndege mwenye manyoya, anayekata bahari moja kwa moja. Ndege za abiria hazipiti huko. Utakwenda kwanza bara, ubadilishe, ubadilishe tena, ndipo urudi baharini. Utafika Ijumaa."

Mzee akaivua futi, akaikunja, akaikunjua.

"Na hiyo Ijumaa nitamkuta?"

Shangazi akashika simu. Chakula nilichompelekea kikapoa mezani huku akipiga huku na huko, akibembeleza, akitania, kwa yale maneno yake ya kumtoa nyoka pangoni. Mwisho akapata kindege cha posta kinachobeba abiria wachache kutoka kisiwa jirani na kile cha binti. Jumatano jioni mzee angefika.

Jumatano mchana, nikiwa tena ofisini kwake, simu ikalia. Mzee alikuwa amefika kwenye kisiwa hicho jirani, lakini ndege iliyomleta ilichelewa, na geti amelikuta limefungwa.

"Nimeachwa, mwanangu."

"Umekiona kindege kikiruka?"

"Hapana. Kipo pale nje, nakiona kwenye kioo."

"Basi hujaachwa. Simama hapohapo, na usikate simu."

Kwa simu ya mezani akampigia karani wa uwanja ule, mwanamke ambaye hawajawahi kuonana naye. Miaka yote walijuana sauti tu.

"Dada, nina baba yangu hapo getini, kavaa koti la kijivu. Nisaidie kana kwamba ni wako."

Tulisikia, katika simu ya mzee, viatu vikija mbio, kisha mtu akihema: "Shikamoo, baba. Nipe begi, twende."

Shangazi akaketi. Nadhani alikuwa amesimama muda wote huo bila kujijua.

Alhamisi asubuhi fundi alimshika binti yake mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Madaktari walimaliza jioni, na binti akapona.

Mzee alirudi baada ya mwezi, mashavu yamejaa, akasimama katikati ya ofisi akiwahadithia wateja habari yote, hata viatu vya yule karani. Shangazi alimwacha amalize. Kisha akajifuta macho kwa kiganja, akamwita aliyefuata kwenye foleni.