Viti vya Minyororo vya Keshero

Jumapili iliyopita nilimpeleka binti yangu ziwani Keshero, tukakuta bembea ya kuzunguka. Nilimuuliza mwenye bembea maswali mpaka akachoka, ndipo nikamruhusu mtoto apande. Ngoja nikueleze sababu, ndugu yangu.

Utotoni mwetu, kila sikukuu, mzee mmoja alisimamisha pale viti vya minyororo vilivyozungushwa na mashine ya zamani ya kusaga mahindi. Tulisubiri zamu tukila sambaza, visamaki vya ziwani alivyotukaangia nyanya yetu, vidole vikinuka mafuta, mashine ikinguruma taratibu. Mwaka mmoja mzee akaleta moteri mpya. Viti vikapaa mbali kuliko tulivyowahi kuona, watu wakashangilia. Zamu yetu ilipofika, mdogo wangu wa kike akawahi kukaa na kufungwa mkanda.

Hapo mwalimu wetu wa fizikia, mama mpole wa kutoka Butembo, akasimama mbele ya mashine.

« Papa, zima kwanza. »

« Mwalimu, watu wanapanda tangu asubui. Hakuna kitu ilitokea. »

« Tangu asubui minyororo inateseka. Mwendo ukiwa mara mbili, kumushika mutu asiruke inje kunaomba nguvu mara ine. Moteri ulibadilisha. Minyororo je? »

Mzee akainua macho kuitazama minyororo.

« Basi tutie mifuko ya muchanga, tuone, » mwalimu akasema.

Watu walinung'unika, na mimi nilimchukia kweli. Mdogo wangu akashushwa akilia. Mifuko ya mchanga mweusi ikafungwa vitini, moteri ikawashwa. Viti vilipopaa tukasikia mlio mkavu: mnyororo mmoja ulikatika, na mfuko ukaruka juu ya ua, ukapasukia kwenye mawe ya volkano.

Nyanya alikaa chini palepale, akampakata mdogo wangu, akicheka na kulia. Mzee akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili.

« Aksanti, mama. Ningeua mutoto wa mutu. »

Sikukuu iliyofuata alirudi na minyororo minene na moteri ya polepole. Mwalimu ndiye aliyepanda wa kwanza, mkoba mapajani.

Siku hizi mahali pa viti vya mzee pamejengwa kuta ndefu. Mzee alifariki, mwalimu alirudi kwao, harufu ya sambaza za nyanya sijaipata tena popote. Lakini mdogo wangu yupo, ana watoto wake, na akiulizwa habari za siku ile, anachokumbuka ni kwamba alinyimwa zamu.