Mkwe, Wali na Vumbi la Mashine

Mashine yetu ya kukoboa mpunga, hapa Viwanja Sitini, imepakana na nyumba ya mama yangu. Kila mume wangu alipokwenda kumsalimia, mama alimwingiza ndani, akafunga mlango na madirisha, ndipo akapakua wali. Mume wangu akavimba kichwa. "Mama yako anajua kumheshimu mkwe," aliniambia. "Hataki watu wanione nikila." Nami nikajivunia kwetu.

Mavuno yalipokaribia tukaomba kibali cha mazingira. Bila kibali mashine isingewashwa msimu mzima, na msimu ndio unaotulisha. Afisa mazingira, binti mmoja mpole, alikuja akatazama bomba linalotema pumba na vumbi, akatazama lundo tulilokuwa tukilichoma nyuma, kisha akasema lazima aulize majirani. Mume wangu akatabasamu. Jirani wa kwanza ni mama mkwe wake, ataangushwaje?

"Shikamoo, mama. Mashine hii inakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu." Mama alimtazama mkwe wake kwa huruma. "Huyu baba ni mtu mwema sana. Ila namlisha ndani kwa sababu nje angekula pumba. Na moshi wake unanikohoza."

Afisa akasema turekebishe kwanza. Nilipandwa na hasira, mama yangu mzazi kutuumbua mbele ya serikali! Nikamnunia. Mume wangu ndiye aliyenituliza. "Amenisitiri siku zote hizo," alisema. "Leo kaulizwa, ulitaka aseme uongo?"

Akaita fundi, wakajenga chumba cha tofali kwenye mdomo wa bomba, vumbi likabaki humo. Kuchoma tukaacha. Pumba sasa wanabeba wafuga kuku, tena wanashukuru.

Siku afisa aliporudi, mashine ikiunguruma, tulimkuta mama ametandika mkeka uwanjani, sufuria ya wali iko wazi na samaki wa mto Kilombero pembeni. Wapita njia walishangaa mkwe kulishwa nje kama mtoto wa nyumbani. Mume wangu alikula, akaongeza, halafu akasahau ukwe wake kabisa akaomba ukoko.

Afisa alikataa chakula, akasema kazi kwanza. Alikagua chumba, akaridhika, akatoa kalamu ili atupitishe. Hapo mama, aliyekuwa bado anacheka habari ya ukoko, akakohoa. Kalamu ikasimama.

"Andika, mwanangu," mama alisema akifuta machozi. "Nimepaliwa na kicheko tu."