Wito Haukubaki Kwa Masista

Nakumbuka asubuhi moja ya masika pale Rusumo, mwanangu, nilipokuwa msichana niliyejiona nimekataliwa na Mungu. Siku hizi ukifika mpakani unaona daraja jipya na majengo ya forodha yanayong'aa. Enzi zile palikuwa na matope, foleni ya malori, na vibanda vya mama lishe. Kimoja kilikuwa cha shangazi yangu Veronika.

Nilikuwa nimerudishwa kutoka utawani. Tangu utotoni kwetu Ngara nilitaka kuwa sista, na baba, aliyekuwa katekista, alishawatangazia watu wote wa kigango kwamba binti yake ameitwa. Lakini kifua kilinisumbua. Nikawa mtu wa kitandani kuliko wa kanisani, mwishowe mama mkuu akaniambia kwa upole nirudi nyumbani. Kwa upole, ndiyo, lakini fimbo iliyofungwa pamba bado ni fimbo. Watu wa kwetu hawakunisema vibaya; walinyamaza tu nilipopita, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Baba akanipeleka kwa shangazi, nibadilishe hewa.

Asubuhi hiyo habari zilienea kwamba ndani ya lori moja, lililoegeshwa mbali na mengine, dereva anaungua homa na kutapika. Alikuwa Salimu, mtu wa Tanga, mteja wetu mwenye utani mwingi. Na wakati huo kulikuwa na uvumi wa maradhi ya kuambukiza ng'ambo ya mto. Basi madereva wenzake walisimama mbali, pua wamezifunika kwa mashati. Kila mmoja alisema atafutwe mtu. Hakuna aliyesema mtu huyo ni nani.

Mimi nilisimama mlangoni mwa kibanda nikisali rozari. Nikamwambia shangazi, "Tutume mtu parokiani, akawaite masista."

Shangazi alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. "Masista wa nini?"

"Wao ndio walioitwa kwa kazi hiyo, shangazi."

Hapo akaweka mwiko chini, akanitazama. "Wewe binti, waliokurudisha walichukua shela. Mikono si walikuachia?" Akamimina uji kwenye kikombe, akanipa. "Mpelekee. Mimi nakuja na maji."

Usidhani nilikuwa jasiri. Nilisimama mara mbili njiani kabla ya kupanda kwenye lile lori. Salimu alikuwa amejikunyata nyuma ya usukani, midomo imemkauka, anamwita mama yake. Nilimfuta uso kwa kitenge changu. Uji haukupita. Shangazi akaja, akamgusa shingo, akasema, "Huyu tukisubiri, tutamzika." Kisha akawageukia wale madereva kwa sauti yake ileile ya kuita watu chakula: "Nyinyi wanaume! Leo mtakula wapi, mwenzenu akifia mlangoni kwangu?"

Mmoja akasogea. Kisha mwingine. Wakatoa benchi la kibandani, wakamlaza, tukampandisha kilima hadi zahanati, mimi nikimshika kichwa kisigonge. Katika mlima ule, kifua changu kikikoroma, nilisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali: Bwana, asife.

Tabibu alimpima huku sisi tukingoja nje, hakuna anayemtazama mwenzake. Kama ni yale maradhi, basi yalishatufikia sote. Alipotoka alikuwa anafuta miwani.

"Ni malaria," akasema. "Malaria kali, ila mmemwahi."

Mwanangu, sijui kama nimewahi kusikia neno tamu namna ile. Shangazi alikaa chini kwenye majani, akacheka huku machozi yanamtoka. Madereva wakakumbatiana, na yule aliyekuwa amesimama mbali kuliko wote ndiye aliyecheka kwa sauti kubwa zaidi. Tumsamehe, hofu ni ya kila mtu.

Jioni nilipoingia kumwona, Salimu alifumbua macho akauliza, "Lori nimelifunga?"

"Limefungwa, kaka."

Akanitazama. "Mungu akulipe, sista."

Nilitaka kumsahihisha, nikaacha. Niliteremka kilima kile nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikuwa nimekataliwa. Nilikuwa nimeelekezwa njia nyingine, na wahenga walishasema, kupotea njia ndiko kujua njia. Baadaye niliolewa Nyantakara, nikalima maharage, nikalea, nikauguza wazee wa watu. Huo ndio utawa wangu.

Kwa hiyo wewe uliyerudishwa kutoka seminari, au uliyekosa kile ulichokililia kwa Mungu miaka mingi, usijifungie ndani ukadhani ameacha kukuita. Wito si vazi. Ukiwa wakala wa forodha, usimzungushe mtu mpaka achoke akupe chochote. Ukiwa muuguzi, mjibu bibi wa kijijini kama ungemjibu padri. Ukiwa mkulima kama mimi, jirani akiugua mpalilie mahindi yake kabla magugu hayajayameza. Hata muumini wa dini nyingine ni mgeni wako aliyeletwa na Mungu. Na sala usiiache kamwe. Ila usiigeuze maficho ya kumkwepa mtu anayekuita.

Haya, nenda mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe macho ya kumwona aliye karibu nawe, na kila jioni akurudishe nyumbani na moyo uliotulia. Amina.