Jembe Lenye Pengo

Nyanchama alimchukia Mwalimu Sadru tangu siku ile ya kwanza, na wala hakuona haja ya kuficha. Mzee alikuwa amesimama upande wa pili wa kamba inayotenganisha ploti zao, katika bustani ya jumuiya nyuma ya maghorofa makuukuu ya mtaa wa Weston, Toronto, amevaa koti la sufu na viatu visivyo na doa. Akamwambia, "Mama Abigael, usilime leo. Udongo umelowa. Subiri kama wiki mbili hivi."

Wiki mbili! Mtu mwenyewe alikuwa mwalimu wa jiografia kule Tanga, sasa mstaafu anayeendesha gari kutoka kitongoji cha Thornhill kuja kuangalia mabiringanya yake. Naye Nyanchama alizaliwa Kisii, akashika jembe kabla hajashika kalamu. Kwao mvua ya kwanza ikinyesha unaamka na kulima. Anayengoja ni mvivu, na majirani watamsema mpaka mavuno. Ati leo afundishwe kulima na mtu wa chaki.

Tena jembe lenyewe lilikuwa la mama yake. Alilibeba kutoka nyumbani ndani ya sanduku la nguo, limefungwa kwa leso mbili, na mpini akautafuta hukuhuku Toronto. Lilikuwa na pengo dogo upande wa kulia, pale mama alipogonga jiwe miaka hiyo.

"Kesho niko zamu," alimjibu. "Nisipolima leo nitalima lini?"

Zamu zilikuwa Malton, karibu na uwanja wa ndege, kupanga mizigo ghalani, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Siku ya mapumziko hakuwa nayo ya kuchezea.

Sadru aliinama, akafinya konzi ya udongo, akausukuma kwa kidole gumba mpaka ukatoka utepe mrefu unaong'aa. "Ukikatika upesi, lima. Huu haukatiki, ni wa mfinyanzi. Kwenu Kisii udongo umetokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa joto na mvua, miaka isiyohesabika. Unavunjika chembechembe na maji yanapita. Huku barafu ndiyo iliyosaga mawe, ikaacha unga laini kuliko sembe. Ukiukandamiza ukiwa na maji, vile vitundu vya hewa vinazibika. Mizizi haiingii tena."

"Umemaliza darasa?" Nyanchama aliuliza, akainua jembe.

Alilima mpaka saa nane mchana. Udongo ulinata kwenye jembe na kwenye viatu. Akaukwangua na kuendelea, akifurahi kila alipomwona yule mzee akitikisa kichwa. Baadaye, joto lilipokuja, akapanda managu na saga, mboga za kwao, kwa mbegu alizoletewa na dada yake. Ploti ile aliisubiri miaka mitatu, na kanuni ya bustani haikuwa na huruma: ikifika Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, ploti ambayo nusu yake haina mimea hai inachukuliwa na kupewa anayefuata kwenye orodha. Aliyefuata alikuwa Sughra, binti yake Sadru.

Mnaona mambo hayo. Nyanchama naye aliyaona.

Jua lilipowaka, udongo wake ukakauka ukawa matofali. Mvua ikinyesha, maji yanatuama juu siku mbili nzima. Managu yalichomoza, yakawa ya manjano, yakafa yakiwa na urefu wa kidole. Upande wa pili wa kamba miche ya Sadru ilikuwa inanenepa bila aibu. Hapo Nyanchama akajua, au alijiambia kwamba amejua, ni nini kimefanyika.

Siku ya ukaguzi walifika watu kama ishirini, wakiongozwa na Milagres, mama wa Kigoa kutoka Nairobi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Nyanchama hakumngoja afungue daftari.

"Huyu mtu ameimwagia ploti yangu dawa ya kuua magugu," alisema, kidole kikimwelekea Sadru. "Anamtakia binti yake. Chimbeni muone."

Sadru alibadilika rangi. "Chimbeni," akasema.

Milagres akachukua sepetu. Alibandua mabonge ya juu taratibu, na chini yake, kina kilekile cha pigo la jembe, akakuta utando mgumu unaong'aa kama ndani ya chungu. Vijizizi vya managu vilikuwa vimefika pale, vikashindwa kupenya, vikatambaa kando mpaka vikafa. Juu ya utando kulikuwa na alama za jembe, pigo baada ya pigo, na kila alama ilikuwa na mstari mwembamba uliotuna upande wa kulia.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jembe lilikuwa mkononi mwa Nyanchama, na pengo lake watu wote waliliona.

Sadru angeweza kummaliza palepale. Badala yake akamgeukia Milagres. "Mwachieni ploti. Atandaze majani makavu kabla ya theluji. Baridi ikija, maji yataganda ndani ya udongo na kuupasua, na mwakani utalimika."

"Unakubali, Mama Abigael?" Milagres akauliza.

Laiti angemtukana. Tusi angelijibu. Nyanchama alivitazama vile viatu visivyo na doa. Alikuwa amemsingizia mtu sumu mbele ya kadamnasi, na mtu huyohuyo amemrudishia shamba lake, na kwa hilo alimchukia kuliko mwanzo.

"Nakubali," alisema. Samahani hakuomba.

Mwezi wa nne uliofuata alirudi na jembe lake, na kesho yake ana zamu kama kawaida. Majani aliyotandaza yalikuwa yameoza, meusi na laini. Upande wa pili wa kamba Sadru alikuwepo, koti lilelile, mdomo ameufunga. Nyanchama alimngoja aseme neno, apate pa kuanzia. Alingoja bure.

Nyanchama mwenyewe akainama, akafinya konzi ya udongo, akausukuma kwa kidole gumba. Utepe ukatoka, ukarefuka, ukaning'inia bila kukatika. Akaliegemeza jembe kwenye nguzo ya uzio.

"Bado," akasema, bila kumtazama. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu siku ya ukaguzi. Kisha akaenda kungoja basi la kurudi nyumbani.