Joho la Meya na Mkia wa Mtaro

Nakumbuka, mwanangu Mwende, asubuhi niliyovaa joho la mtu mwingine. Lilikuwa jekundu, zito, na lilinuka kabati. Juu yake nilivaa mkufu wa meya, nikajitazama kwenye kioo cha dirisha la ofisi, nikajiona mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na masharubu niliyoyapenda kuliko kazi yangu.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumapili, ulipotoka kanisani ukapitia kwangu, uliniambia jambo linalostahili jibu. Ulisema umechaguliwa naibu mwenyekiti wa bodi ya manispaa, lakini kazi unayopewa ni kukata utepe na kusalimia watu matangani. Ukasema mwenyekiti wako anasafiri wiki ijayo, na wajumbe wawili wamekushauri uitishe mkutano akiwa mbali ili watu wakujue. Mimi nikakumiminia chai, nikakuuliza habari za barabara. Ulidhani sikusikia, maana siku hizi mnadhani wazee wote ni viziwi. Nilisikia vizuri sana. Ni aibu ya zamani iliyonirudia, na mzee hawezi kusimulia aibu yake huku ameshika kikombe.

Wewe ulikuwa mtoto serikali za kaunti zilipokuja, kwa hiyo huenda hukumbuki kwamba zamani miji yetu ilikuwa na meya na naibu wake. Madiwani ndio waliowachagua. Meya alivaa joho, akaongoza vikao, akapokea wageni. Naibu aliketi kulia kwake, na meya akiwa hayupo, alikalia kiti chake. Watu wengi walidhani kazi ya naibu ni hiyo tu, kungoja kiti. Na mimi naibu mwenyewe nilidhani hivyo hivyo.

Meya wangu alikuwa Mzee Mutinda, mwalimu mstaafu, aliyesema maneno kumi kwa siku, matatu kati ya hayo yakiwa salamu. Mji wetu sitautaja, maana watoto wa waliokuwapo bado wanaishi huko. Baraza lilikuwa limejenga soko jipya lenye paa na meza za saruji, bondeni, mbali kidogo na barabara kuu. Kina mama waliouza ndengu, nyanya na sukuma walikuwa bado kando ya barabara, malori yakiwapulizia vumbi. Mzee Mutinda aliwaahidi kwamba hakuna atakayehamishwa mpaka maji ya bomba yafike soko jipya.

Mimi akanipa barua ya ofisi ya maji. Aliniambia niipeleke mwenyewe, ningoje majibu, kisha nisimamie uchimbaji mpaka maji yatoke. Nilikasirika, Mwende. Diwani mzima, naibu wa meya, nitumwe barua kama tarishi? Niliitia barua ile kwenye droo yangu, nikaenda kunywa soda na wapiga kura. Kila aliponiuliza, nilisema mambo yanaendelea. Hakunishuku, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kusema uongo.

Kisha Mzee Mutinda akaenda Nairobi kupasuliwa jicho. Alipangiwa kukaa wiki tatu. Hazikupita siku mbili, madiwani wawili wakaja ofisini kwangu na maneno matamu. Walisema mzee amechoka, mji umelala, watu wanataka kijana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami sikuongeza maji tu, nililimwaga tembo lote. Nikamwomba karani wa baraza ufunguo wa kabati, nikavaa joho na mkufu, nikaitisha kikao. Nikatangaza kwamba soko litahama Jumatatu.

Karani alikuwa mtu mwoga, lakini siku ile aliuliza swali moja mbele ya wote.

"Na maji, Mheshimiwa?"

Nilimjibu kwamba maji yatafuata watu. Wakanipigia makofi, na hata leo nikiyakumbuka makofi yale, masikio yananiwasha.

Jumatatu askari wa baraza, wale wa kanjo, wakawaondoa kina mama barabarani. Mimi nilipigwa picha nikiwa nimesimama mbele ya meza mpya, nikakaa ofisini siku tatu nikingoja shukrani. Alhamisi nikashuka sokoni kuzipokea. Mwanangu, nilichokikuta sikukitarajia. Sukuma ilikuwa imenyauka juu ya saruji nzuri. Vyoo vilikuwa vimefungwa, kwani vingetumikaje bila maji? Wanawake wengine walikuwa chini mtoni wanachimba mchanga, wanachota kikombe kwa kikombe kujaza madumu, huku bidhaa zao hazina wa kuziangalia. Wanunuzi walibaki kule kwenye malori. Haraka haraka haina baraka, na haraka yangu haikuwa hata na tone la kunawa mikono.

Mwanamke mmoja aliketi karibu na beseni la nyanya zilizoanza kutoa maji. Nilimtambua, nikatamani ardhi inimeze. Alikuwa Mama Syokau, rafiki ya mama yangu, tuliyetoka naye Kanyangi. Ndiye aliyekuwa akiongoza kundi letu la mwethya nilipokuwa kijana, lile kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu. Hakuinuka kunisalimia. Alilitazama joho kuanzia begani mpaka pindoni, maana hata sokoni nilikuwa nimelivaa, jua lile lote.

"Musyoka," akasema, "kwa mwethya wewe ulikuwa unashika wapi?"

Nilijua anakokwenda. Tulipochimba mitaro ya kuzuia udongo, Mama Syokau alikuwa mbele, akianzisha wimbo na kuonyesha mstari unakopita. Mtu wa pili wake alishika mkia. Huyo alitembea nyuma ya wote, akisawazisha pale wengine walipobabaisha, na mwishoni akaufunga mtaro kwa udongo na mawe ili mvua isipenye. Haimbi sana wala hatazamwi. Mwaka mmoja kazi hiyo nilipewa mimi. Wimbo ukanoga kule mbele, nikaacha mkia wazi, nikaenda kuitikia na kucheza na wenzangu. Shamba lilikuwa la Mama Syokau mwenyewe. Mvua ilipokuja maji yalitokea pale pale nilipoacha wazi, yakakata matuta matatu ya chini. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nasi tulijenga ukuta huo wiki nzima, bila wimbo.

"Nilishika mkia, mama," nikamjibu.

"Ile mwaka uliacha mkia ukaenda kuimba, na maji ikabeba shamba yangu. Leo umeacha mkia tena, na maji hakuna hata ya kunywa. Sasa hiyo nguo nyekundu itatusaidia na nini?"

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningepata la kujitetea. Nililivua joho pale pale, nikalikunja, nikapanda mlima nikiwa nimelibeba kwapani. Nguo ya kuazima haisitiri, mwanangu, na siku ile nilijiona uchi mbele ya soko zima.

Habari zilimfikia Mzee Mutinda hospitalini. Alirudi kabla ya siku zake, jicho moja limefungwa bandeji. Kina mama walijaa uani kwa baraza, na mimi nilisimama nyuma yake nikingoja anitaje. Ilikuwa haki yake kunitaja. Badala yake aliwaambia kosa ni la baraza, na mkuu wa baraza ni yeye, basi kosa ni lake. Akawaomba radhi, akawaruhusu warudi barabarani mpaka maji yafike. Kisha akaingia ofisini, nikamfuata.

Hakuuliza habari za joho wala kikao.

"Ile barua ya maji iko wapi?"

Nilifungua droo. Ilikuwa chini ya magazeti, imeanza kujikunja pembe. Aliipokea, akaisoma polepole kwa jicho moja, ingawa ni yeye aliyeiandika.

"Musyoka, mimi sikuwa nimelala," akasema. "Nilikuwa nakungojea wewe."

Nililia, Mwende. Mtu mzima mwenye masharubu. Miezi yote ile nilimwona ni mzee mzito anayeukalia mji, kumbe mji ulikuwa umekaliwa na droo yangu.

Barua niliipeleka siku hiyo hiyo. Majibu yalipokuja, nilimwendea Mama Syokau nikamwomba atuitie watu wa mwethya wachimbe mtaro wa bomba, akaja nao, akaanzisha wimbo mbele. Mimi nilishika mkia tangu barabarani mpaka bondeni, nikifuata fundi wa mabomba, nikikagua kila kiungo na kufukia. Mikono yangu iliota malengelenge ambayo picha yoyote ya gazeti isingeonyesha. Siku ya kufungua bomba, Mzee Mutinda alivaa joho lake akasimama sokoni na wageni. Mimi nilikuwa mbali juu barabarani, nimeshika spana, nikingoja ishara ya kufungua koki kuu. Nikaizungusha. Baada ya muda vigelegele vikapanda kutoka bondeni. Sikumwona aliyepiga, wala hakuna aliyeniona, na katika maisha yangu yote ya siasa sijasikia sauti iliyonifurahisha kama ile.

Sasa nikuambie neno langu bila kuzunguka. Naibu hakuwekwa pale angoje mwenye kiti aondoke. Amewekwa ili ahadi iliyotolewa na mwenye kiti isipotelee njiani, mji uwe mdogo kama wetu au mkubwa kama Nairobi. Ukiona mkuu wako amekosea, mwambie akiwa ameketi mbele yako, tena mwambie wazi. Sikukulea uwe mtu wa kuitikia tu. Akikunyima kazi kabisa, idai mbele ya wajumbe wote, kwa jina lako na sauti yako. Lakini usivae joho lake akiwa safarini. Na wale wajumbe wawili, waulize wao wameshika sehemu gani ya mtaro. Wale madiwani wangu wawili, kina mama walipojaa uani, sikuwaona hata mmoja.

Kabla hujaitisha huo mkutano, nenda ofisini mapema, funga mlango, ufungue droo yako. Angalia kuna nini chini ya magazeti. Ukikuta hakuna kitu, njoo uniambie, nami nitakuja kuketi mstari wa mbele kwenye mkutano wako.

Ungekuwa hapa ningekutemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu, kama babu yako alivyonitemea mimi, na mchungaji wako aninunie akitaka. Kwa kuwa hii ni barua, ipokee kwa maneno. Mungu akupe macho ya kuona palipoachwa wazi, na mikono isiyoona haya kushika udongo. Mvua ikija, na ije ikukute umeshafunga mkia.