Chane Iliyokatwa Kwenye Geti la Jirani

Wasomaji wangu, jirani yangu wa hapa Msasani yetu ya milimani, si ile ya pwani, tumemzika Jumamosi. Wema wake nitausema, lakini nianze na ukweli: nilimwonea wivu mwanamke yule miaka yote, tena nikiwa na Biblia kwapani.

Wivu wenyewe ulianzia getini. Watu wa ukoo wa mumewe walikaa kikao wakachora nembo yao: ngao ya kijani, ndani yake jembe na mkungu wa ndizi. Wakaipaka kwenye geti, wakaichapisha kwenye vitenge vya sherehe na misiba. Wakipita kumi wamevaa, unajua hawa ni wa nyumba moja. Kwetu kila mtu na kitenge chake. Mkungu ule ulikosa chane ya juu, basi nikawaambia akina mama wa kwaya, "Fundi aliishiwa rangi." Wakacheka. Nilisikia raha, Mungu anisamehe.

Nikamtafuta fundi yuleyule, anichoree simba mwenye taji mlangoni kwangu. Jirani akaja kumwona, mikono kiunoni.

"Ee, dada! Simba kapendeza. Sasa anasema nini?"

"Nguvu," nikajibu.

"Nguvu za nani? Za shemeji anayekimbia bata mzinga?"

Nilicheka kwa meno tu. Nikamrudishia, "Na chane yako iko wapi? Fundi kaila?"

Akaishusha mikono. "Ile ni ya mama mkwe. Kila akishusha mkungu, chane ya kwanza hailali kwake. Inakwenda nyumba yenye mgonjwa. Tukasema ichorwe hivyohivyo, imekatwa, wajukuu waulize."

Mnadhani nililainika? Wapi! Wivu ulizidi. Kumbe hata pengo lao lilikuwa na maana, na taji langu halina. Masomo ya jioni yalinifundisha herufi ukubwani, lakini nembo sikujua kuisoma. Na si mimi peke yangu. Siku hizi tunamwagiza fundi maana kama tunavyomwagiza rangi.

Msibani nilikuwa namenya ndizi na wenzangu, binti wa marehemu akaniletea kitenge cha ukoo. "Mama alisema na wewe upewe." Mikono ikakataa kukipokea. Nilikumbuka nilipolazwa hospitali ya Igogwe na mwanangu. Tuliporudi, niliwakuta watoto wengine wanakula ndizi. "Kaleta jirani," wakasema. Sikuuliza zaidi. Watoto wangu walishibishwa na pengo lile nililolicheka mbele ya kwaya nzima, na hata "ndaga", asante yetu ya nyumbani, sikumpelekea.

Nilikivaa. Nisiwadanganye, wivu haujaniisha. Hata jeneza lilipopita mbele ya wale watu wote wa kitenge kimoja, ulinichoma. Ila sasa najua nilichokuwa namwonea wivu. Hakikuwa rangi ya geti. Nembo inafanywa kwanza, siku kwa siku, ndipo inachorwa.

Simba sijamfuta. Jumatatu nilishusha mkungu, nikakata chane ya juu, nikampelekea bibi anayeumwa miguu nyuma ya kanisa. Nilipita mlangoni pangu bila kumtazama yule simba.