Timu ya Uingereza Iliyoniacha Bila Mke

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msihangaike kutafuta wa kumlaumu, maana mimi mwenyewe nilihangaika mwaka mzima. Nilimlaumu refa, nikamlaumu kocha, nikamlaumu beki mmoja ambaye hata jina lake siwezi kulitamka. Wapi! Mdomo ulikuwa wangu.

Mimi ni mtu wa Gazi, fundi wa makuti. Ukienda hoteli za Diani ukaona paa limeezekwa vizuri, mvua ya masika inapita juu kwa juu, huenda ni mkono wangu huo. Jina langu silitaji. Mke wangu nitamwita Mama Tima, ingawa hilo neno "mke wangu" sina haki nalo tena.

Timu yangu ni ya Uingereza. Msiniulize ipi, mtanicheka. Niliipenda nikiwa darasa la tano, mjomba wangu aliporudi kutoka kazini Diani na jezi aliyoachiwa na mgeni wa hoteli. Ilinifika magotini. Tangu siku hiyo ikishinda nala, ikifungwa chakula hakipiti. Huo mji wenyewe sijawahi kufika, na ukinipa ramani siwezi kukuonyesha uko wapi. Lakini kipa wa akiba akiumwa goti, mimi najua ni goti la upande gani!

Na hapo nyuma ya nyumba yetu kuna uwanja, vijana wa Gazi wanacheza kila jioni. Siku moja walinijia kuomba mchango wa mpira mpya. Nikawaambia mimi sitazami mpira wa vumbi. Lo, kiburi!

Mama Tima alikuwa mwanamke wa kazi. Asubuhi yuko na kina mama wenzake kwenye miche ya mikoko, matope mpaka magotini. Jioni yuko jikoni. Mpira hakuusema vibaya, ila aliniuliza mara moja, "Baba Tima, na hao watu wako wanakujua?" Nikamjibu, "Mapenzi hayaulizi." Akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Sasa niwaeleze la aibu. Talaka kwetu Waislamu ni tatu. Ukitoa ya kwanza au ya pili, unaweza kumrejea mkeo kabla eda yake, ile miezi ya kungoja, haijaisha. Ya tatu ikitoka, basi. Hamrudiani mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, ndoa ya kweli, na huyo naye amwache kwa hiari yake au afe.

Mimi ya kwanza niliitoa ndoa yetu ikiwa bado changa, kwa ugomvi wa yeye na mama yangu juu ya chumvi. Chumvi, jamani! Nikamrejea wiki ya pili. Ya pili niliitoa kwa sababu alipigia deki jezi yangu. Ilikuwa imechakaa, ina tundu kwapani, akadhani ni tambara. Nikaropoka. Kesho yake asubuhi nikamrejea huku nalia.

Maalim aliyetuozesha aliponisikia alinivuta kando baada ya swala. "Mwanangu, umebakisha moja. Hiyo itie kufuli, na ufunguo utupe baharini." Nikamwambia inshallah, nikaenda zangu.

Ikaja Jumamosi moja, alasiri, mechi ya timu yangu na mahasimu wetu. Kibanda cha mpira kilijaa mpaka watu wamekalia kreti za soda. Hata mwadhini wetu alikuwepo, amesimama mlangoni, ati amekuja kuchaji simu.

Kando yangu alikaa Mutua, mpishi wa hoteli moja ya Diani. Yeye ni Mkamba, mtu wa bara, na shabiki wa wapinzani. Mutua ni rafiki yangu, lakini mdomo wake una pilipili. Kipindi cha kwanza tulimaliza tukiwa na mabao mawili, wao sufuri. Nikasimama juu ya benchi nikaanza kuimba. Nilimwimbia Mutua, nikamwimbia mama yake Mutua, nikawaimbia Wakamba wote.

Mutua akaniambia, "Buda, shuka hapo. Kama una uhakika hivyo, tubet. Weka kitu."

Ebo! Mimi nicheze kamari? Nikamgeukia na uchamungu wangu wote. "Kamari ni haramu! Mimi ni Muislamu, siweki shilingi."

"Basi ni mdomo tu."

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinichoma, na hapo ndipo shetani aliponipanda kichwani. Nikanyoosha kidole juu nikasema, "Wallahi, timu yangu ikifungwa leo, mke wangu nimemwacha!"

Kicheko kikakatika. Mwadhini alichomoa simu yake kwenye waya akanitazama. "We bwana, unajua ulilosema?" Nikamwambia, "Sharifu, mbili kwa sufuri hizi, wasiwasi wa nini?"

Angalieni akili hiyo! Kuweka mia mbili nikaogopa moto. Kumweka mama wa mtoto wangu sikuogopa.

Kipindi cha pili sitaki kukisimulia sana. Wakarudisha moja. Nikakaa chini. Wakarudisha la pili. Nikavua kofia. Dakika za nyongeza ikapigwa krosi ya kipuuzi, haina hatari yoyote, beki wetu akainua mguu kuuondoa mpira, akautia nyavuni mwake mwenyewe. Tatu kwa mbili. Filimbi.

Mutua hakushangilia. Alinishika bega akasema pole pole, "Wee, ile ya bibi ulikuwa unacheza, sindio?" Nikavaa kofia yangu nikatoka.

Nilitembea kwenda nyumbani huku natunga maneno ya kumwambia. Kazi bure. Gazi si mji wa kuficha chafya. Nilimkuta Mama Tima kibarazani amevaa buibui, mkoba uko pembeni, Tima ameshika kanga ya mamake.

"Wamefungwa ngapi?" akaniuliza.

"Tatu kwa mbili."

"Nami nimeachwa ngapi?"

Nikainama. Akajijibu mwenyewe, "Tatu." Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alimshika mtoto mkono wakaenda kwa kaka yake, Msambweni.

Nilikimbia kwa Maalim. Nikamuamkia shikamoo mara mbili kwa hofu, nikamweleza kwamba ule ulikuwa utani, nia sikuwa nayo. Akasema ndoa na talaka hazina utani, mwenye kuzichezea zimeshampata. Nikaona nimebanwa. Nikamwambia, "Lakini Maalim, lile bao lao la pili lilikuwa la kuotea! Kila mtu aliona!"

Maalim alifikiri kidogo. Kweli alifikiri, Mungu amlipe. Kisha akauliza, "Refa alilikubali?"

"Alilikubali."

"Basi nenda ukakae na msiba wako."

Nilikwenda hata kwa kadhi, nikidhani mjini kuna sheria laini zaidi. Aliniuliza maswali yaleyale akanipa jibu lilelile, ila yeye alinizuia kuendelea nilipoanza kumchorea mezani mstari wa kuotea.

Hadi hapo mtasema huyu ni mjinga tu, maskini. Ningekomea hapo ningeonewa huruma. Lakini lipo la pili, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi.

Eda ilipokwisha nilifanya ujanja. Kuna mzee mmoja aliyefiwa na mkewe kijijini kwetu. Nikamwendea nikamwambia amuoe Mama Tima, akae naye wiki moja, kisha amwache, nimuoe mimi upya. Najua ni haramu, Maalim alishanionya kwamba ndoa ya kupangwa hivyo ina laana. Mzee alifurahi mno! Akaenda kunyoa siku ileile, akanunua na shati. Akapeleka posa Msambweni, na kwa furaha yake akamweleza kaka mtu mpango wote, hatua kwa hatua.

Kesho yake Mama Tima akanijia kazini, Diani, niko juu ya paa. Aliniita kwa jina langu, si Baba Tima. Vijana niliokuwa nikifanya nao kazi wakaacha kufunga makuti.

"Shuka," akasema. Nikashuka.

"Siku ile ulinitoa kwa bao la Wazungu. Leo unanipigia pasi kwa mzee asiye na meno ili akurudishie! Mimi ni mpira? Nijibu, mimi ni mpira?"

Nikasema, "Mama Tima, nilikuwa nataka turudiane."

"Lile la kwanza ningekusamehe," akasema. "Ulikuwa mjinga, na ujinga wako niliuzoea miaka kumi na moja. Ningekaa hata nikaomba Mungu afungue njia. Lakini hili ulikaa ukalifikiria."

Akafunga buibui yake akaondoka. Nilisimama pale na sindano ya makuti mkononi kama mtu aliyesahau alikuja kufanya nini duniani.

Miezi minne baadaye aliolewa, na safari hii alichagua mwenyewe. Mume ni mtu wa Msambweni, mfugaji wa nyuki. Nilikuwa na tamaa ya siri kwamba wataachana, nikaulizia tabia zake huku na huku. Niliambiwa hana hasira, hapigi soga, na mpira hajui hata timu moja ina watu wangapi. Tima akija kwangu likizo ananiletea asali ya babake wa kambo. Ni tamu, na kuila siwezi.

Nikawaandikia timu yangu. Ndiyo, niliwaandikia! Kwenye ukurasa wao, kwa Kiingereza cha kuombaomba, nikiwaeleza kwamba ule mpira wa beki umenivunjia nyumba huku Kenya. Jibu lilikuja sekunde ileile. Walinishukuru kwa kuwa shabiki mwaminifu, wakanijulisha kwamba jezi mpya za msimu zimeingia dukani, na wanasafirisha popote duniani.

Mwaka huu wamechukua kombe. Ningesema nimeacha kuwatazama, ningewadanganya. Nilikuwepo kibandani, nikabebwa juu juu, nikalia kwa furaha. Nikakimbia mpaka nyumbani, nikasukuma mlango na kuita, "Mama Tima! Tumechukua!" Nyumba kimya. Nilikaa kizingitini, bendera bado begani, nikalia mara ya pili siku hiyo.

Kwa hiyo nyinyi wenzangu wa Msambweni, Ukunda, Shimoni, popote mnapokaa kwenye vibanda hivyo kila Jumamosi: pendeni mnachopenda, sikatazi. Imbeni, tukananeni, vaeni jezi mpaka msikitini kama maalim wenu atawaruhusu. Lakini ndoa zenu ziacheni nyumbani. Na ukiona ulimi unakuwasha, tia andazi mdomoni, utafune mpaka filimbi ya mwisho.

Yule beki wetu, jioni ile baada ya kujifunga, alioga, akapanda gari lake, akaenda nyumbani kwa mkewe. Pengine mkewe alimpa pole na chai. Wote kumi na mmoja walirudi kwa wake zao. Katika watu wote waliofungwa siku ile, aliyelala bila mke ni mimi peke yangu, na mimi hata mpira sikuugusa.